Uzi: Persuasion ya 2022 na steringi wa kike niliyeshindwa kumpenda

#1 Kalamu Butu (mleta mada)

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu na unamwaga kila kitu hadharani, mwanzo hadi mwisho wa filamu. Kama hujaiona na unapanga kuiona, wahi kwanza kisha urudi.

Ninayoizungumzia ni Persuasion iliyotoka Netflix Julai 2022. Dakota Johnson ndiye Anne Elliot, Cosmo Jarvis ndiye Kapteni Wentworth, na mwongozaji ni Carrie Cracknell, mtu wa jukwaani ambaye hiyo ilikuwa filamu yake ndefu ya kwanza. Chanzo ni riwaya ya mwisho ambayo Jane Austen aliikamilisha. Ilichapwa mwishoni mwa 1817, miezi michache baada ya mwenyewe kufariki.

Kwa wasioijua hadithi: Anne ana miaka 27. Alipokuwa na 19 alichumbiwa na ofisa kijana wa jeshi la majini, Frederick Wentworth, mwenye akili na matumaini tele ila mfukoni mtupu. Baba yake, Sir Walter, baroneti anayependa sura yake kuliko wanawe, hakuutaka uchumba huo. Lady Russell, shoga wa marehemu mama yake, akamshawishi auvunje. Akauvunja. Miaka minane baadaye Wentworth anarudi akiwa kapteni mwenye pesa, na Anne yuko palepale: hajaolewa, uso umefifia, na nyumbani akisema jambo hakuna anayegeuka. Baba amekwisha kifedha, jumba lao la Kellynch linapangishwa, na mpangaji ni Admirali Croft, ambaye mkewe ni dada yake Wentworth. Yaani mtu uliyemwacha na hujaacha kumpenda anakuja kuzungukazunguka mlangoni kwenu, na salamu yake haizidi hata punje ile adabu inayodai.

Hadithi tamu. Sasa njoo kwenye filamu.

Hata hatujakaa vizuri, Anne anageukia kamera na kuanza kutupigia stori. Anatuambia aliwahi kukaribia kuolewa, na tangu hapo hanyamazi. Anatuchambulia baba yake, anatuchambulia dada zake, anacheka kabla sisi hatujapata nafasi ya kucheka. Anapiga mvinyo kwenye chupa. Anabeba sungura. Karatasi za muziki alizoachiwa na Wentworth anazitaja kwa lugha ya vijana wanaotumiana nyimbo kwenye simu. Wapo walioudhika kwa sababu ya lugha hiyo ya kisasa, mimi hainisumbui sana. Filamu za magauni marefu zimeshachezewa mara nyingi na nyingine zimetoka vizuri tu.

Kinachonishinda ni kwamba huyu Anne ana dharau. Anawatazama watu wote kwa juu, na filamu inadhani hayo ni maumivu ya moyo. Mdogo wake, Mary, ni mbinafsi na mlalamishi, kweli, hata kitabuni ni hivyo. Lakini hapa kila Mary akifungua mdomo Anne anatukonyeza: mnamwona huyu? Baada ya muda nikajikuta namwonea huruma Mary, ambaye kwanza Mia McKenna-Bruce anamwigiza vizuri kuliko karibu wote waliomo.

Halafu kuna lile tukio la mezani. Watu wamekaa wanakula, na Anne anatangaza mbele ya kadamnasi kwamba Charles, mume wa Mary, alitaka kumwoa yeye kwanza. Kitabuni jambo hilo ni la kweli. Charles alimposa Anne, akakataliwa, ndipo akamwoa Mary, na kaya nzima inalijua. Anne analibeba miaka yote bila kulitumia kama fimbo hata pale Mary anapomtuma kama mtumishi. Filamu imechukua jambo hilo hilo ikalifanya kichekesho. Mary yupo pale mezani, ni mke wa mtu. Kama mwongozaji angetaka tuone kwamba uchungu umemgeuza Anne kuwa mkatili, ningevua kofia. Lakini hapana, tukio linapita, tunahamia kwenye utani mwingine.

Na hapa kuna kitu cha ajabu. Machi 1817 Austen alimwandikia mpwa wake Fanny Knight kuhusu kitabu hiki, akamwambia kwamba huenda atampenda mhusika mkuu, kwani ni mwema karibu kupita kiasi kwake yeye mwandishi. Kumbuka huyo ndiye aliyeandika riwaya ya Emma, ambayo kwa kumbukumbu za familia yake alisema anamchukua mhusika ambaye hakuna atakayempenda sana isipokuwa yeye mwenyewe. Kwa hiyo mama huyu alijua fika jinsi ya kuandika msichana wa kuudhi. Emma anamtania Miss Bates, mwanamke maskini asiye na wa kumtetea, hadharani, kwenye matembezi ya Box Hill. Anakemewa, na njia nzima ya kurudi nyumbani machozi yanamtoka ndani ya gari la farasi. Kitabu kinajua alichofanya. Persuasion ya 2022 haijui.

Niwape tukio moja la kitabuni, halafu niwaachie uwanja. Anne amepiga magoti anamhudumia mtoto wa Mary aliyeumia. Mtoto mwingine, Walter, wa miaka miwili, anamrukia mgongoni na kumng'ang'ania shingoni. Anne anambembeleza ashuke, anamkaripia, wapi. Mwanamume mmoja aliyekuwepo anamwita mtoto kwa maneno, hanyanyuki. Ghafla Anne anahisi mzigo unatoka mgongoni, vile vimikono vinafunguliwa shingoni mwake, na mtoto ameshachukuliwa kabla hajang'amua kwamba aliyemchukua ni Wentworth. Wentworth hasemi kitu. Anaanza kucheza na mtoto kwa kelele makusudi ili asishukuriwe. Anne anashindwa kutoa hata neno moja la asante, anainamia mgonjwa wake huku moyo unaenda mbio, na akipata tu mtu wa kumwachia mtoto anatoka chumbani.

Uzito wa tukio lile wote uko kwenye jambo moja: Anne hana wa kumwambia. Hana dada wa kumweleza, hana rafiki wa rika lake, na Lady Russell ndiye mtu wa mwisho duniani anayeweza kuambiwa. Filamu imempa rafiki wa kumweleza kila kitu, saa yoyote, naye ni sisi. Upweke umeshapona kabla Wentworth hajaingia mlangoni. Sasa huyo kapteni anakuja kumwokoa na nini?

Karibuni. Wenye matusi wapite pembeni.

#2 Shangazi Mkorofi

Nakazia. Mimi nilizima pale alipojipaka jamu kama sharubu akamwigiza Wentworth, na Wentworth huyo hapo mlangoni. Nilirudi kesho yake kwa sababu ya magauni tu, na hata magauni yenyewe sikuyaelewa.

Na lingine. Kitabuni Wentworth anapomwona baada ya miaka minane anasema amebadilika kiasi kwamba asingemtambua, na Mary anaenda kumfikishia Anne maneno hayo vilevile, bila hata kujua anamchoma. Dakota Johnson anang'aa kuanzia sekunde ya kwanza. Nani asingemtambua?

#3 Ngome ya Mchanga

Mleta mada umeandika vizuri lakini unakandia kwa mizani ya kitabu, na mimi hapo natofautiana nawe.

Moja, kitabu karibu chote kiko ndani ya kichwa cha Anne. Msimulizi anaingia na kutoka kwenye mawazo yake bila kubisha hodi. Kwenye filamu utafanyaje? Ukimwacha anyamaze unapata mwanamke anayechungulia dirishani kwa saa mbili. Walichagua azungumze na kamera. Kama ni dhambi, basi hata Persuasion ya 2007 ya Sally Hawkins imo, maana naye anaitazama kamera.

Mbili, mnamfanya Anne wa kitabuni malaika. Siyo. Ana ucheshi. Kule Lyme anamkuta Kapteni Benwick, amefiwa na mchumba, anajitibu kwa mashairi ya huzuni, na Anne anamshauri asome zaidi nathari, anampa na somo la uvumilivu. Baadaye anajicheka mwenyewe kwamba amemhubiria mtu jambo ambalo yeye hana. Huyo ni mtu mwenye ulimi, ila ameufunga. Filamu imeufungua. Kosa liko wapi?

Tatu, na hili naomba mlijibu. Kwa nini mwanamke lazima awe mpole na mnyonge ndipo mumpende? Mwanamume akiwa na kejeli mnasema ana akili. Mwanamke akiwa nazo, ana dharau.

#4 Kalamu Butu

Ngome, hoja nzito. Naanza na kamera.

Ile ya 2007 ndiyo ushahidi wangu mzuri kuliko wote. Sally Hawkins anaitazama kamera, ndiyo, lakini angalia anachofanya: anatupa jicho, uso umemvimba kwa mambo aliyoyameza, kisha anaondoa macho. Ni kama mtu aliyefumaniwa akilia. Huyu wa 2022 anatutazama ili atuambie la kufikiri.

Na wote tunajua mtindo huu wa sasa umeazimwa wapi. Tamthilia ya TV ya Fleabag. Lakini kule kuzungumza na kamera kulikuwa maficho. Mwanamke anatania na sisi ili asiwaangalie usoni watu waliomo chumbani, na msimu wa pili yule padri anashtuka, anamuuliza umeenda wapi sasa hivi. Siku zote tulidhani sisi ni marafiki zake, kumbe ndisi tulikuwa ugonjwa. Hapo mbinu ina bei. Kwenye Persuasion hakuna bei. Hakuna anayeona anapogeuka, hakuna anachopoteza kwa kugeuka.

Kuhusu Benwick tunakubaliana, ila umesahau jambo dogo: anajicheka mwenyewe. Kejeli ya Anne wa kitabuni inaanzia kwake. Wa filamu anawacheka wengine tu, na akijicheka ni kwa kujisifu, mnaonaje nilivyovurugika lakini bado navutia.

Hoja ya tatu naiheshimu, na sitaki awe mpole. Mpe ulimi wa wembe, mpe hasira, mimi niko naye. Tena hasira ingemfaa sana, miaka minane ni mingi. Lakini hasira ina mahali inakoelekea, na huyu hana hasira na yeyote. Baba aliyemnyima ndoa ni kichekesho tu. Lady Russell aliyemshawishi wanakaa wanapiga soga. Dharau imetapakaa kila mahali kwa kila mtu, sasa wa kumlipa deni ni nani?

#5 Kifutio

Uzi mrefu kuliko filamu 😂 Nimesoma mpaka Box Hill nikachoka. Kwa ufupi niiangalie au nisiiangalie?

#6 Nanga Chini

Hadithi za mapenzi si fani yangu, nimevutwa hapa na jeshi la majini. Niongeze kitu ambacho naona hakijaguswa, pesa na tarehe, maana bila hivyo hata mimi ningemwona Anne mpumbavu kumwacha mtu anayempenda.

Wentworth kitabuni alipandishwa cheo baada ya mapigano ya Santo Domingo, Februari 1806. Hakupata meli mara moja, akakaa nchi kavu kiangazi hicho, ndipo alipokutana na Anne. Ofisa asiye na meli alikuwa analipwa nusu mshahara. Nyuma yake hakuna ardhi wala urithi. Mbele yake kuna vita ambayo hakuna aliyejua itaisha lini, na meli ya kwanza atakayopewa ni kuukuu, ya aina ambayo wizara isingesikitika sana ikizama nayo. Lady Russell alikuwa na sababu.

Sasa huo utajiri umetoka wapi? Pesa za mateka. Ukikamata meli ya adui, mahakama inathibitisha kwamba ni mateka halali, meli na shehena vinauzwa, na fedha zinakatwa mafungu manane. Kwa kanuni za kabla ya 1808, matatu yalikuwa ya kapteni, na moja kati ya hayo lilikwenda kwa admirali aliyekuwa mkubwa wake. Mabaharia wa kawaida, hata wawe mamia, waligawana mawili. Ndiyo maana kapteni mmoja hodari mwenye bahati aliweza kurudi na pauni 25,000, kama Wentworth. Ukiziweka kwa riba ya asilimia 5 ni pauni 1,250 kila mwaka bila kunyanyua mkono. Anne kwa upande wake anadai fungu lake kwenye pauni 10,000 ambazo baba hana jinsi ya kuzitoa zote kwa wakati huo.

Hadithi inafunguka kiangazi cha 1814, wakati Napoleon ameshapelekwa uhamishoni Elba na maofisa wanarudi majumbani kutafuta wake na nyumba za kupanga. Austen alipoandika alishajua kwamba Napoleon angetoroka na vita kurudi 1815. Kwa hiyo hata mwisho wenye furaha una kivuli chake. Kwenye filamu Wentworth ni baharia kwa sababu koti lake ni la baharia, basi.

#7 Kalamu Butu

@Nanga Chini umenifungulia mlango ambao sikutaka kuufungua mwenyewe maana ningekesha. Ukiondoa pesa, uamuzi wa Anne unageuka kuwa kosa la kitoto, na mtu wa leo anayejua kila kitu kama huyu wa filamu asingelifanya. Mwanamke anayeweza kumwambia mtu yeyote chochote mezani, nani aliwahi kumshawishi jambo lolote? Kichwa chenyewe cha hadithi, yaani Ushawishi, kinakosa maana.

Kuna mahali mwishoni mwa kitabu, wameshapatana, Anne anamwambia Wentworth kwamba ushauri wa Lady Russell ulikuwa mbaya, lakini yeye alifanya sawa kuufuata, kwa sababu alimchukua Lady Russell kama mzazi. Jambo gumu hilo kumwambia mwanamume uliyemvunja moyo! Hapo ndipo unaona huyu mpole ana uti wa mgongo wa chuma.

Na wamemfyeka Mrs Smith mzima mzima. Mjane, mgonjwa, anaishi vyumba viwili kule Bath, mali ya mumewe iko Karibi na hawezi kuigusa kwa sababu Mr Elliot, binamu yake Anne na mrithi wa Sir Walter, ambaye ndiye msimamizi wa mirathi, hataki kujisumbua. Ndiye anayetuonyesha mwanamke wa tabaka lile akikosa pesa anaishia wapi, na ndiye anayemvua Mr Elliot nguo. Bila yeye, Mr Elliot wa Henry Golding anakuja kumwambia Anne mwenyewe kwamba anachokilinda ni urithi wake, wazi kabisa, kwa tabasamu. Adui asiyeficha kitu ni mgeni wa chai.

@Kifutio angalia. Mandhari ni mazuri.

#8 Kisigino

Mnazunguka sana. Mimi kilichoniharibia ni Lady Russell mweusi. Uingereza ya 1814? Hapo ndipo walipochemsha.

#9 Shangazi Mkorofi

Kisigino, mwanamke wa 1814 anaongea na wewe kupitia kioo cha simu, anatumia misemo ya mwaka juzi, hukuona shida, ila rangi ya Nikki Amuka-Bird ndiyo iliyokuzindua usingizini? Yule mama ni miongoni mwa wachache waliokumbuka kwamba wanaigiza watu wazima. Tuendelee na mada.

#10 Ngome ya Mchanga

Asante Shangazi.

Kalamu, nimekuelewa kwenye bei ya kamera, hiyo nakuachia. Ila hujanijibu vizuri kuhusu kupendwa. Scarlett O'Hara je? Filamu ya Gone with the Wind, 1939, Vivien Leigh. Mwongo, mbinafsi, anamwibia mdogo wake mchumba, kwa makusudi, na watu wamempenda vizazi na vizazi. Tena ameiba kweli, siyo kusema tu mezani. Kwa nini yeye asamehewe?

#11 Kalamu Butu

Swali zuri, na mfano wako unakata pande zote mbili. (Tuweke pembeni jinsi filamu ile inavyoupamba utumwa, huo ni uzi mwingine na una haki ya kuwa mrefu kuliko huu.)

Scarlett anamchukua Frank Kennedy, mchumba wa Suellen, kwa sababu kodi ya shamba la Tara inadaiwa, dola 300, na hana pengine pa kuzitoa. Ni uovu, na kila mtu chumbani anajua ni uovu, Suellen analia na filamu inatuonyesha akilia. Lakini tunaijua njaa ya Scarlett. Tumemwona akichimba mzizi ardhini autafune. Anataka kitu mpaka kinamtoa utu, na sisi tunamfuata kuona atafika wapi.

Huyu Anne anataka nini? Anasema anamtaka Wentworth. Anasema. Lakini muda mwingi yuko busy kutoa maoni. Mtu anayetaka kitu kwa roho yake yote hana muda wa kutuangalia sisi kama tumecheka.

Kwa hiyo jibu langu: simsamehe Scarlett. Namfuatilia. Huyu sikuweza hata kumfuatilia.

#12 Ngome ya Mchanga

Haya. Lakini barua ya Wentworth kwa Anne, kule mwishoni. Usiniambie barua haikukugusa. Cosmo Jarvis pale alinimaliza, yule mtu amejaa maneno mwili mzima na hajui ayatolee wapi.

#13 Kalamu Butu

Jarvis namtetea mbele ya mtu yeyote. Amekaa kwenye filamu nyingine kabisa, filamu ambayo ningependa kuiona.

Lakini barua ndiyo iliyonitia uchungu hasa. Austen kwanza aliandika mwisho mwingine. Miswada ya sura zile alizozifuta bado ipo, British Library, ya mwaka 1816. Kwenye mwisho ule wa kwanza, Admirali Croft anamtuma Wentworth akamuulize Anne kama ni kweli anaolewa na Mr Elliot, ili kama watataka Kellynch yeye aiachie. Wentworth anauliza kwa aibu, Anne anakana, wanaangaliana, kwisha. Si mbaya, inachekesha kidogo. Mwandishi hakuridhika, akaandika upya, na alikuwa ameshaanza kuumwa.

Alichoweka badala yake ndicho tunachokijua. Hotelini Bath, chumba kina watu. Wentworth ameketi mezani anaandika. Anne yuko dirishani na Kapteni Harville, rafiki wa Wentworth, wanabishana nani anasahau haraka kati ya mwanamume na mwanamke. Kalamu ya Wentworth inaanguka. Kumbe anasikia. Harville anasema vitabu vyote vinawasema wanawake kwa kigeugeu. Anne anamjibu kwamba vitabu siyo ushahidi, kalamu ilikuwa mikononi mwa wanaume. Kalamu ya Wentworth inaanguka. Kumbe anasikia. Anne anaendelea, anasema haki pekee anayoidai kwa ajili ya wanawake ni kuendelea kupenda muda mrefu zaidi, hata pale tumaini limekwisha. Na pale mezani mwanamume anaanza kuandika barua nyingine juu ya ile aliyokuwa akiiandika.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe ni huu. Tangu ukurasa wa kwanza huyu mwanamke amemeza. Leo kwa mara ya kwanza anasema kilicho moyoni, tena anamwambia mtu mwingine, kwa sauti ya mazungumzo ya kawaida, na anayehusika anasikia. Ndiyo maana barua inalipuka.

Sasa mpe mwanamke huyo huyo nafasi ya kuongea nasi tangu mwanzo, awe ameshatueleza anampenda, ameshatueleza anaumia, ameshatania kuhusu kuumia kwenyewe. Ikifika hapo, mbele ya barua nzuri kama ile, nilikuwa nasoma jambo nililoambiwa saa nzima iliyopita.

#14 Nanga Chini

Na ungeona jinsi Louisa, dada wa Charles, anavyoruka kitabuni kule Lyme. Yule ndiye mwenye msimamo usiotetereka, ameambiwa ngazi ni za juu, usiruke tena, yeye anasema ameamua. Anaangukia kichwa kwenye mawe ya gati. Wentworth aliyekuwa akisifia wanawake wasioshawishika anabaki ameduwaa, na anayetoa amri za kutafuta daktari ni Anne. Kwangu hicho ndicho kitabu kizima. Mtu mpole katika dharura ndiye ofisa pekee pale gatini.

#15 Kifutio

Nimeangalia nusu jana usiku. Mimi nimependa 😂 mniwie radhi wazee. Kwa asiyesoma kitabu ni filamu nyepesi ya kulalia. Ila ni kweli pale mezani nilijisikia vibaya kwa ajili ya Mary.

Kama mtu anataka kuona ile mnayoisifia, aanze na ipi?

#16 Kalamu Butu

Huna cha kuwiwa radhi mkuu, kupenda hakuombewi kibali.

Anza na ya 1995, mwongozaji Roger Michell, Amanda Root na Ciarán Hinds. Nikuonye mapema kwamba ina giza, vyumba vinawashwa mishumaa kweli, pindo za magauni zina tope, na Amanda Root mwanzoni amechoka kiasi kwamba unaweza kumpita chumbani usimwone. Vumilia. Rangi inamrudia usoni polepole na hakuna anayekuonyesha kidole kwamba inarudi. Ukitoka hapo nenda kwa Sally Hawkins wa 2007, yenye kasi kidogo, ingawa ule mwisho wa kukimbia mitaa ya Bath bila kofia huwa naangalia nikiwa nimefumba jicho moja.

#17 Ngome ya Mchanga

Nitaitafuta ya 1995. Lakini msimamo wangu kwa Richard E. Grant sibadili. Sir Walter wake anawafunika wote.

#18 Kalamu Butu

Hapo hatugombani. Wangempa na lile la vioo tu: Admirali Croft anahamia Kellynch, anakuta chumba cha kuvalia cha Sir Walter kimezungukwa na vioo vikubwa, anashangaa, hapa mtu hawezi kujikimbia mwenyewe, anaamuru vitolewe, anabaki na kimoja kidogo cha kunyolea ndevu na kingine kikubwa asichokisogelea kamwe.